Kipele cha Bwana Mkubwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Uzi alipanga viatu vya watu sakafuni: vilivyobanduka soli upande huu, vilivyochanika upande ule. Chumba cha mbele kilikuwa karakana ya mama yake, fundi viatu. Chumba cha nyuma ndicho walicholala, na harufu ya gundi haikujua mpaka kati ya vyumba hivyo viwili. Majirani walimwita Uzi kwa wembamba wake. Hakulikataa jina hilo, kwani mama alisema kiatu kisicho na uzi ni vipande vya ngozi tu vinavyosubiri kuachana.

Mdogo wake, kichanga ambaye hakuwa ametimiza hata miezi miwili, aliitwa Bwana Mkubwa. Akilia, nyundo inanyamaza. Akilala, wateja wananong'ona.

"Hata mwenye nyumba hajawahi kuogopwa hivi," mama alisema akicheka.

Siku hizo mkono wa Bwana Mkubwa ulikuwa umeota kipele, palepale alipochomwa chanjo ya kifua kikuu alipozaliwa. Kilianza kama punje ya mtama, kisha kikajaa na kupata ncha nyeupe. Mama alikuwa ameambiwa kliniki kwamba kisiguswe, naye akakiacha. Ila hakumwambia Uzi. Kazi zilikuwa nyingi, na nani angedhani mtoto wa shule ana haja na kipele?

Jumamosi moja mama alikwenda kununua soli, akamwacha Uzi na mtoto. Uzi alipombadilisha nguo akakiona kipele. Sasa, katika karakana ile, ngozi ya kiatu ikifanya lengelenge ilikuwa na dawa moja: unalibana hadi litoe hewa, unalilaza, kisha unapaka nta ile inayopakwa uzi wa kushonea, ili maji yasipenye. Uzi alikuwa amefanya hivyo kwa viatu vingi na kusifiwa. Ngozi ni ngozi, akajiambia. Akakibana.

Mtoto alipiga ukelele uliomchoma Uzi moyoni. Akambembeleza, akamwimbia, akafuta usaha kwa kitambaa cha karakana, akapaka nta na kuisugua kwa kidole gumba mpaka ikang'aa.

"Haya, Bwana Mkubwa. Umekuwa mpya."

Alikusudia kumwambia mama. Lakini mama alirudi amechoka, mtoto amelala, na Uzi akasema kesho. Kesho yake mkono ulikuwa umevimba na kuwa mwekundu. Mtoto alikuwa na homa, ziwa halitaki. Neno lililokuwa jepesi jana likawa zito kama jiwe la kusagia. Uzi akalimeza.

Jirani yao muuza mkaa, ambaye wote walimwita Mama Mkaa, aliingia bila hodi kama kawaida yake.

"Si nilikwambia, mwenzangu? Ile sindano! Mimi mjukuu wangu hawatamgusa. Wakimtaka wanikamate kwanza mimi, na kunibeba watahitaji lori."

Siku nyingine mama angecheka. Mama hakuwa mtu wa kuchukua kila neno la Mama Mkaa. Lakini alikuwa na jambo lake na kliniki ile. Zamani, alipompeleka Uzi akiwa mchanga, mhudumu mmoja aliitazama mikono yake iliyoiva kwa rangi ya viatu, akamwambia mbele za watu: "Wewe kaa chini, usituchafulie benchi." Akakaa sakafuni na mwanawe mpaka jua likageuka. Anayemkalisha mtu chini husahau kabla hajanywa chai yake. Aliyekalishwa chini hasahau.

Jumatatu asubuhi mama alimbeba Bwana Mkubwa, Uzi nyuma yake na khanga ya mtoto mkononi. Ilikuwa siku ya chanjo. Wanawake walijaa barazani, kila mmoja na kichanga chake. Mama aliipita foleni, akaingia chumbani na kumweka mtoto juu ya meza ya nesi.

"Tazama! Mmeniharibia mtoto! Na hizo sindano nyingine hamtamchoma hata moja, hapa wala ahera!"

Baraza zima likageuka kutazama. Nesi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, hakujibu kwa ukali. Alinawa mikono, akauinua ule mkono mdogo polepole.

"Una haki ya kukasirika, mama. Mtoto anaumwa kweli. Niambie, kuna mtu aliyekibana hiki kipele? Kuna kilichopakwa? Siulizi ili nimkamate mtu. Nikijua, nitajua pa kuanzia."

"Akibane nani? Mnatudhuru, kisha mnatugeuzia sisi?"

Uzi alikuwa mlangoni. Nje, mama mmoja kijana alikuwa anamfunga mwanawe mgongoni aondoke. Mwingine akainuka. Wa tatu akasema, "Twendeni, jamani, mmesikia wenyewe." Uzi akaona jinsi kimya chake kilivyokuwa kinatoka getini kwa miguu ya watu wengine. Na Bwana Mkubwa, aliyezoea kuinyamazisha nyundo, sasa hakuwa na nguvu hata ya kulia.

"Ni mimi," alisema.

Hakuna aliyemsikia. Akasema tena, kwa sauti iliyopasuka: "Ni mimi! Nilikibana. Nikapaka nta."

Mama aligeuka. "Nta? Nta ya uzi? Mtoto?"

"Nilidhani ngozi ni ngozi, mama. Nilitaka apone. Nikaogopa kusema."

Mkono wa mama uliinuka, ukabaki hewani, kisha ukashuka na kushika ukingo wa meza. Nesi hakupoteza wakati. Alisafisha kidonda, akatoa nta iliyojificha chini ya usaha, akapima homa, akampa mtoto dawa.

"Sindano haikumdhuru," alisema. "Wadudu wameingia pale ngozi ilipobanwa. Kwa sababu binti yako amesema leo, tumewahi. Atapona."

Mama alikaa. Machozi yalimtoka bila sauti. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuridhika na jibu nusu, akauliza: "Kama sindano ni njema, kwa nini inatoa usaha?"

"Swali zuri, na lilipaswa kujibiwa siku ileile ya kwanza," nesi alisema. "Ndani ya damu kuna chembe nyeupe. Baadhi ni walinzi wa kwanza. Hawa hawamwulizi mvamizi jina wala kabila lake. Wakimwona tu, wanamrukia na kummeza. Katika chanjo ile tunaweka vijidudu vilivyodhoofishwa, nao walinzi hupigana navyo. Kipele ndio uwanja wao. Usaha ule una miili ya walinzi waliokufa kazini. Ukiuacha, unakauka wenyewe na kuacha kovu dogo."

Uzi alisogea. "Wakishakufa, si imekwisha?"

"Ndivyo hata wataalamu walivyodhani zamani, mwanangu. Walisema walinzi wa kwanza hawana kumbukumbu, wako wengine ndani ya damu wenye kazi hiyo. Sasa inajulikana kwamba hata wao hukumbuka. Fikiria mtaa ulioingiliwa na mwizi. Baada ya hapo, jani likicheza tu, watu wako mlangoni, hata kama mwizi wa leo si yule wa jana. Walinzi wenyewe hawaishi sana. Lakini habari hufika ndani ya mifupa, kwenye uboho, wanakozaliwa walinzi wapya. Basi hao nao huzaliwa wakiwa macho."

"Kwa hiyo ugonjwa wowote hauingii?"

"La! Ingekuwa hivyo ningekosa kazi. Wanakuwa wepesi zaidi kwa muda, basi. Magonjwa mengine yanataka chanjo zake. Na walinzi hao wakipandwa na hasira kupita kiasi, huuchoma hata mwili wenyewe."

Mama alijipangusa uso. "Hao chembe ni ndugu zangu. Na mimi sisahau." Akamweleza nesi habari ya benchi, neno kwa neno, kama ilivyosemwa.

Nesi alisikiliza mpaka mwisho. "Sikuwepo, mama. Lakini sare ni hii hii. Nisamehe. Na usisahau. Wakikusahaulisha, watamkalisha chini na mwingine. Ila kumbukumbu ikuamshe tu. Ukishaamka, tazama kwanza nani yuko mlangoni."

Mama akamwita Uzi. "Wale wanawake wanaondoka kwa sababu ya maneno yangu na kimya chako. Twende tukawarudishe."

Uzi akaenda barazani, akasema kila kitu mbele ya wote. Alipofika kwenye nta, mtu akaguna, mwingine akacheka, yule mama kijana akacheka kuliko wote, akamfungua mwanawe mgongoni na kurudi foleni. Mama naye akasema kwa sauti ileile aliyokuja nayo: "Nilikosea. Semeni mmenisikia nikisema hivyo, maana si jambo la kila siku."

Jioni Uzi alikwenda peke yake kwa Mama Mkaa, akamwambia vilevile. Mama Mkaa alijipangusa mikono. "Na umekuja mwenyewe, hukutumwa? Haya. Foleni inaanza saa ngapi?"

Homa ilishuka. Siku Bwana Mkubwa alipopata chanjo zake zilizofuata, alipiga kelele hadi barabarani, nguvu zake zote zimerudi. Uzi alimshika mwenyewe, akambusu utosini. Waliporudi nyumbani mama alimkalisha karibu yake.

"Ulikibana kwa mapenzi, nami sikukasirikii hilo. Kosa la mapenzi lina dawa. Lakini kila saa uliyonyamaza, mdogo wako aliilipia. Mwili unapoumia hauoni aibu. Unapandisha homa, unavimba, unaita msaada. Nawe ukikosea, fanya kama mwili. Piga kelele mapema, mwanangu. Mimi nitakuja."

Kisha akamvuta kifuani, yeye na Bwana Mkubwa pamoja, na nyundo ikakaa kimya mpaka wote wawili wakalala.