Kitanda cha Zamu

“Amelala.”

Fundi aliiondoa simu sikioni akaitazama. Namba ni ya mke wake. Picha ni ya mke wake, ile anayocheka. Lakini sauti ni ya mwanaume, nzito, isiyo na haraka.

“Nani amelala?”

“Si unamtaka Dereva? Amelala. Nimwamshe?”

“Wewe ni nani?”

“Mwenzake wa zamu. Wananiita Mrefu. Wewe bila shaka ni shemeji Fundi. Habari za cherehani?”

“Achana na cherehani! Mke wangu amelala wapi?”

“Hapa nyuma yangu, kitandani.”

“Kitanda cha nani?”

Mrefu alifikiri kidogo. Maskini, hakuwa mtu wa kujua kudanganya.

“Chetu,” akasema.

Mkasi uliokuwa kwenye mkono wa pili wa Fundi ulipita pasipopaswa, na suruali ya mteja ikawa kaptula ya mguu mmoja. Mteja mwenyewe alikuwa amekaa palepale kwenye benchi.

“Fundi! Suruali yangu!”

“Nyamaza wewe! Mimi naibiwa mke, wewe unalilia suruali?”

Hebu niwaeleze, msije mkaona mtu kachanganyikiwa bure. Fundi anashona nguo, mkewe anaendesha lori la kampuni ya mizigo, mwanamke pekee kwenye yadi nzima, na kila mtu anamwita Dereva. Walipendana, hilo sina shaka nalo. Ila Fundi alikuwa na wivu wa kuzaliwa nao. Mkewe akisalimiwa na muuza maji, Fundi anataka kujua muuza maji kasalimia kwa sauti gani. Kwa hiyo kampuni ilipompangia Dereva mwenzake wa kiume, Dereva alinyamaza. Hapo alikosea na simtetei.

Siku aliyorudi kutoka safari, hakupewa hata nafasi ya kuvua viatu.

“Mwenzako ni mwanaume.”

“Ni mwanaume.”

“Na mnalala kitanda kimoja.”

“Kimoja, kwa zamu. Akishuka yeye napanda mimi, nikishuka mimi anapanda yeye. Lori halisimami, mume wangu. Likisimama tu, Meneja anapiga simu kama mtu aliyeibiwa. Tunakula huku tunaendesha. Hata kwenda msalani tunaomba ruhusa.”

“Mimi nauliza kitanda, wewe unaniletea habari za msalani?”

“Ndiyo kazi yenyewe ninavyokueleza!”

“Mbona hukuniambia?”

“Kwa sababu nakujua.”

Fundi alifungua begi la mkewe, akatoa shuka, akalinusa pembe zote.

“Hili nimelishona mimi! Nikakunja pindo mara mbili lisije likakukwaruza. Leo linanuka mafuta ya nywele ya mwanaume!”

“Lifue basi.”

“Unanifanyia mzaha?”

“Nimechoka, Fundi. Mgongo unauma, macho yanawaka moto. Nakupenda wewe peke yako. Huyo Mrefu hata sura yake siijui vizuri, kila nikimwona ana usingizi. Niache nilale. Tutagombana nikiamka.”

Akalala hapohapo kwenye kochi, kiatu kimoja kikiwa bado mguuni. Mtu mwenye akili zake angemvua kile kiatu, akamfunika. Fundi alimsimamia kichwani, akajiuliza ni nani huyo aliyemchosha mke wake namna hii.

Asubuhi alikwenda yadi. Lori la mkewe lilikuwa limeegeshwa wazi, akapanda kuchungulia. Kiti cha dereva kimefungwa kwa kamba. Kioo cha mlango hakipo, pamezibwa kwa nailoni. Kitanda chenyewe ni chembamba kuliko meza yake ya kupigia pasi. Yote hayo aliyaona na hayakumwingia. Kilichomwingia ni miswaki miwili ndani ya kikombe kimoja, imeegemeana.

Aliingia ofisini bila kubisha hodi.

“Mtoe yule mwanaume kwenye lori la mke wangu!”

Meneja aliegemea kiti chake, kiti kizuri cha kuzunguka.

“Kuna tatizo la kikazi?”

“Kuna tatizo la kiume.”

“Nakuelewa kabisa, bwana. Hata mimi nina mke. Unataka atoke lini?”

“Leo.”

“Leo hii hii. Lingine?”

Fundi alikuja amejiandaa kwa vita. Akakosa wa kupigana naye.

“Hakuna lingine.”

“Basi jambo hili libaki kati yetu wanaume.”

Wakapeana mikono. Jamani! Ombi zito kama lile likikubaliwa kwa tabasamu, si ungejiuliza? Fundi hakujiuliza. Alirudi dukani kwake anapiga mluzi, na hata ile suruali akaishona upya bure.

Jioni ujumbe wa Dereva ukaingia: “Mrefu wamemwachisha kazi. Meneja anasema kampuni inapunguza watu. Naondoka peke yangu.”

Fundi akajibu: “Pole sana mke wangu. Mungu yupo.”

Mnafiki mkubwa!

Kesho yake mkewe alipiga, upepo unavuma ndani ya simu.

“Fundi, sitaweza hii. Njia ni ileile, muda ni uleule, na niko mwenyewe. Nimemwomba Meneja nisimame nilale kidogo. Kasema nikisimama nisirudi.”

“Jikaze. Utazoea.”

“Nizoee kutolala? Mrefu alikuwa ananipokea kabla macho hayajaanza kujifumba. Mrefu alikuwa...”

“Mrefu, Mrefu, Mrefu! Unamlilia?”

“Nalilia usingizi wangu, wewe mwanaume!”

Akakata. Na Fundi, badala ya kuogopa, alikaa anahesabu jina la Mrefu limetajwa mara ngapi.

Siku iliyofuata, mchana kweupe, simu ikalia tena. Safari hii sauti ilikuwa ya chini, imelegea.

“Niongeleshe, mume wangu. Niambie chochote. Nimeshageuza, nakaribia nyumbani; nimepita matangi ya maji sasa hivi, sioni vizuri.”

Fundi alimweleza habari za wateja, za jirani, za umeme kukatika. Kisha wivu ukamshinda.

“Hivi kweli, hukuwahi kumtamani?”

“Nani?”

“Mrefu.”

Kwenye simu ikasikika injini tu.

“Mbona hujibu? Nimekuuliza kitu kidogo tu.”

“Fundi... zima pasi.”

“Pasi gani?”

“Unaunguza gauni... zima hiyo pasi.”

“Mke wangu, uko wapi?”

“Niko jikoni.”

Fundi aliruka kutoka kwenye kiti.

“Amka! Simamisha gari! Mke wangu, simama!”

Ikasikika honi ndefu ya gari lingine. Kisha kishindo. Kisha simu ikafa.

Alipiga, haipatikani. Alimpigia Meneja, Meneja hakupokea. Ikabaki namba moja tu ya mtu anayeijua ile barabara, namba aliyoichukua kwenye simu ya mkewe kwa siri, kwa nia mbaya.

“Shemeji?” Mrefu aliitika.

“Amelala kwenye usukani. Nimesikia ajali. Nakuomba, ndugu yangu, sijui nianzie wapi.”

“Alikuwa kapita wapi?”

“Matangi ya maji.”

“Yuko kwenye mteremko. Kata simu niwaambie wenzangu walio njiani. Nikimaliza nakufuata.”

Hakuuliza kingine. Alikuja na gari la kuazima, wakaondoka. Mrefu aliendesha, Fundi akilia waziwazi kama mtoto aliyepotea sokoni. Walipofika nusu ya njia, simu ya Mrefu ikaita.

“Yupo hai,” Mrefu akasema. “Wamemtoa. Mkono umevunjika.”

Fundi alimshukuru Mungu kwa sauti. Halafu, sijui niseme nini kuhusu binadamu huyu, akafuta machozi na kuuliza:

“Mrefu, ulikuwa unampenda mke wangu?”

Mrefu alicheka bila furaha.

“Shemeji, nimekaa naye lori moja muda wote huo, na sijui hata anachekaje. Mimi nikiwa macho, yeye kalala. Yeye akiwa macho, mimi maiti. Ningempenda saa ngapi?”

“Miswaki yenu je? Kikombe kimoja!”

“Kikombe kingine kilivunjika. Tukaomba kusimama tununue, tukakataliwa.”

Fundi akageukia dirishani.

Walikuta malori yamesimama foleni kandokando ya barabara, simu za madereva zikilia mifukoni na hakuna anayepokea. Lori la Dereva lilikuwa limelala ubavu shambani. Mwenyewe amekaa kivulini, damu imemkauka kwenye paji la uso, mkono umefungwa kwa shati la mtu. Fundi alipiga magoti mbele yake.

“Mke wangu, nisamehe.”

“Umekosa nini wewe? Wabaya ni hawa wa kampuni.”

Hapo ndipo gari dogo jeupe liliposimama. Meneja akashuka, akalizunguka lori.

“Mzigo umepona?” akauliza.

Madereva wakamvaa kwa maneno.

“Unauliza mzigo? Kwa nini ulimwacha mwanamke huyu peke yake?”

“Njia hii ni ya watu wawili, unajua vizuri!”

Meneja alirudi nyuma hatua moja, kisha akamwona Fundi. Akanyoosha kidole.

“Msinilaumu mimi. Muulizeni mumewe. Ndiye aliyekuja ofisini kwangu akaomba Mrefu aondolewe. Wivu wake wa nyumbani, kampuni inahusika vipi?”

Dereva alimgeukia mumewe polepole.

“Anasema uongo, si ndiyo?”

Fundi angeweza kukataa. Ilikuwa neno lake kwa neno la Meneja, na Meneja hakuna aliyempenda pale.

“Ni kweli,” akasema. “Ni mimi.”

“Nilipokuwa nakulilia kwenye simu, ulikuwa unajua?”

“Nilijua.”

“Ukaniambia Mungu yupo?”

Fundi alisimama, akamgeukia Meneja.

“Sikuuliza nani atashika zamu ya pili. Hilo ni kosa langu na nitalibeba. Lakini wewe ulijua njia hii ni ya watu wawili. Ulinichekea, ukanipa mkono, ukaokoa mshahara wa mtu. Na nitalisema hili mbele ya mwenye kampuni, hata kama dunia nzima itanicheka.”

Dereva hakungoja zaidi. Alijiinua kwa mkono mmoja.

“Mrefu, nipeleke hospitali.”

“Na mimi?” Fundi akauliza.

“Wewe baki na Meneja wako. Si mlipeana mikono?”

Akaingia kwenye gari la Mrefu. Fundi akabaki barabarani anamtazama mke wake akiondoka na mwanaume yuleyule, kwa hiari yake, mbele ya watu. Wivu ulikuwa palepale. Safari hii hakuwa na wa kumshtaki.

Madereva waligoma. Waliegesha malori, wakakaa getini, na Fundi akakaa nao siku zote bila kushona. Mwenye kampuni alipokuja, Fundi alieleza kila kitu, pamoja na ujinga wake, na watu walicheka kweli. Lakini Meneja aliondolewa. Ikakubaliwa lori lisimame dereva alale, safari ndefu iwe ya watu wawili, na kiti kibovu kisitoke yadi. Mrefu akarudishwa. Dereva yeye alikwenda kwa mama yake, mkono ukiwa kwenye plasta. Fundi alikuwa anafika pale kila mara, na mama mkwe anatoka peke yake mlangoni.

“Hataki kukuona, mwanangu.”

“Nitakuja tena, mama.”

“Njoo. Kuja hukatazwi.”

Siku Dereva alipoanza kazi tena, alimkuta mumewe amesimama getini, mikono mitupu.

“Nani kakwambia?”

“Mama.”

“Umekuja kunizuia?”

“Hapana.”

Mrefu alikuwa tayari ameketi kwenye usukani, injini inaunguruma. Dereva alimwonyesha kwa kidevu.

“Walitaka kunipa mwingine. Nimemtaka huyu mimi mwenyewe. Yeye akiwa pale, nalala kweli.”

Neno lile lilimwingia Fundi penyewe.

“Una wivu?” Dereva akauliza.

“Ninao! Umenijaa mpaka hapa. Nikikuona unapanda humo, natamani kung'ata tairi kwa meno.”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo panda. Ukichoka mwachie usukani. Ukiamka ndiyo unipigie.”

Kicheko kikamtoka Dereva, kile cha kwenye picha.

“Ungekuja kunililia mimi hivi tangu siku ile, mume wangu, badala ya kwenda kwa Meneja!”

“Umeniita nani?”

“Umesikia.” Akaweka begi lake begani. “Nikirudi safari hii, siendi kwa mama. Narudi kwetu.”

Fundi akamfungulia mlango wa lori kwa mkono wake mwenyewe.