Mjomba wa Mwanahawa na Daktari wa Moyo

Kwaru, kwaru, kwaru. Kabla ya adhana ya alfajiri, mjukuu wangu Mwanahawa alikuwa akikuna nazi uani. Mara sauti ikakoma. Nikatoka. Nilimkuta ameshika kifua, anahema kama aliyetoka mbio.

"Napumzika kidogo tu, bibi," alisema.

Hapa Kitaya, wenzake walimwita mvivu kwenye shamba la kijiji. Hakuwa mvivu. Daktari wa Mtwara alituambia kwamba mlango mmoja ndani ya moyo wake umekakamaa, na damu haipiti vizuri. Asipopasuliwa, atakufa angali mdogo. Serikali ingempeleka kutibiwa ng'ambo.

Baba yake alikubali palepale. Lakini kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto, na hakuna aliyemuuliza. Mwanangu Salumu, mjomba wake, alisikia habari hiyo kisimani, kwa watu. Akakataa katakata.

Miezi ikapita. Miguu ya mtoto ikaanza kuvimba.

Ndipo akaja Alawi, kijana wa Mikindani aliyekuwa akisomea upasuaji wa moyo ng'ambo. Alikuwa likizo, na daktari wa Mtwara alimwomba atutembelee. Chuma cha kusikilizia moyo kilikuwa baridi. Alikipasha kwanza kiganjani, ndipo akakiweka kifuani pa Mwanahawa. Kisha akaniuliza, "Mjomba wake anakaa wapi?"

Nikampeleka, Mwanahawa akatufuata. Alivua viatu, akaketi mkekani.

"Ndiye wewe unayepasua watu kama mapapai?" Salumu alimuuliza.

"Papai ni rahisi, mjomba. Halishonwi."

Salumu alijizuia asicheke. "Kazi gani hiyo?"

"Kazi ya kusimama. Tunaanza asubuhi, tunamaliza alasiri, miguu inawaka moto. Wala sifanyi peke yangu. Kuna anayemlaza mgonjwa usingizi, kuna wauguzi. Nimesoma miaka mingi, na bado mwalimu wangu husimama kando yangu. Jioni najifunza kushona kwenye moyo wa ng'ombe."

"Mgonjwa amewahi kukufia?"

"Ndiyo. Nilikaa na mama yake mpaka ndugu zake wakaja. Kesho yake nikanawa mikono, nikaanza tena. Siwezi kukuahidi, mjomba. Lakini wengi hupona. Tukimwacha hivi, tutamzika."

"Moyo ukishafunguliwa, atarudi akitupenda?"

"Atawapenda vilevile. Mimi nashona nyama inayosukuma damu, basi."

"Na ugonjwa huu aliupata wapi?"

"Aliumwa koo mara nyingi, hakutibiwa. Mtoto akiumwa koo na homa, mpelekeni zahanati mapema. Amalize dawa zote, hata akijiona mzima."

Salumu alikuna ndevu. "Baba yake ameshakubali. Kwangu umefuata nini?"

"Ni mtoto wa dada yako. Ningeanzia wapi?"

Salumu akamwita Mwanahawa, akamketisha karibu naye, akamfunika mabega kwa kanga yangu.

"Utakwenda, mwanangu," alimwambia. "Nimekubali mimi."

Mwanahawa alipasuliwa ng'ambo, katika hospitali anakosomea Alawi. Mwalimu wake Alawi alishika kisu, Alawi akasaidia kushona. Mtoto alirudi na kovu kifuani. Dawa zake anazimeza bila kukumbushwa, na sasa hata kuku anawakimbiza mwenyewe.

Likizo iliyofuata, Alawi alikuja kumtazama. Alipoondoka, Salumu alimsindikiza hadi barabarani, amembebea mfuko wa korosho.

"Uje tena, Alawi," alisema. "Na ukifika, pitia kwangu kwanza."