Mshale Uliozunguka

Miaka ile wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kununua pamba huku Bariadi. Asubuhi moja Kwandu alifika kwenye mizani pamoja na binti yake, Milembe. Wanaume wawili walilitundika gunia lake huku wakihema. Mshale wa mizani ukazunguka duara zima, ukapitiliza, ukasimama kwenye kilo nane.

"Mayo, mama yangu, umejaza manyoya ya kuku?" mnunuzi akamtania.

"Manyoya ndiyo yanawatoa jasho hivyo?"

Watu wakacheka. Pamba ikagawanywa magunia mawili, ikapimwa upya.

Milembe hakucheka. Alikuwa na homa. Jembe lilimkata mguuni, na jeraha lilikuwa limevimba. Kwandu akampeleka hospitali.

Nesi aliandika namba ya Milembe kwenye kompyuta, akasoma, akavuta sindano ya penisilini.

"Ngoja, mwanangu!" Kwandu akamshika mkono. "Dawa hiyo inamkataa. Mara ile koo lilivimba, tukadhani tumempoteza. Mliandika wenyewe."

"Kompyuta haisemi hivyo, mama. Inasema... Bundala, mwanaume, miaka sitini."

"Kumbe mzee huyu nilimnyonyesha mimi!"

Nesi akaiweka sindano chini. Daktari akampa Milembe dawa nyingine, na Elina, fundi wa kompyuta, akaitwa.

Kesho yake Kwandu alimkuta Elina bado ameinamia mashine.

"Mwangaluka, mayo," Elina akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka mhola. Umeuona ugonjwa wa mashine hii?"

"Nimeuona. Namba za wagonjwa zilitengewa nafasi ndogo. Zikipita elfu sitini na tano na ushei, zinarudi sifuri. Bundala ni mgonjwa mpya. Namba yake ilizidi, ikageuka kuwa namba ya Milembe, wa siku nyingi. Habari zake zikaandikwa juu ya za Milembe."

Kwandu akachora duara hewani kwa kidole. "Kama ule mshale wa mizani ya pamba."

"Hivyo hivyo. Na mtu mbaya akiijua njia hiyo, ataandika namba kubwa makusudi. Ataingia kwenye habari za wengine, azisome au aziharibu."

"Sasa unafanyaje?"

"Nimepanua nafasi. Ila hata kubwa hujaa. Kwa hiyo programu itapima kila namba kabla ya kuipokea, na kabla ya kujumlisha moja kupata namba ya mgonjwa mpya. Ikizidi, itaikataa. Itasema wazi, isiendelee kimyakimya. Halafu lazima niijaribu kwa namba kubwa mno. Njoo unisaidie. Bonyeza tisa."

Kwandu akabonyeza tisa, na tisa, na tisa, mpaka kidole kikachoka. Maneno yakatokea: *Namba imezidi. Haipokelewi.*

"Sasa ina adabu," Kwandu akasema.

Elina akarudisha habari za Milembe kutoka kwenye nakala aliyoihifadhi, na Bundala akapewa namba yake mwenyewe.

Mvua zilipoanza, Milembe alirudi na kikohozi. Nesi aliandika namba, akasoma kwa sauti: "Milembe, mwanamke. Asipewe penisilini." Kisha akageuka. "Ndivyo, mayo? Bado nauliza."

Kwandu alimfunika bintiye kanga mabegani.

"Ndivyo," akasema. "Huyo ndiye wangu."