Daftari la Maringo

Kisa hiki alinisimulia muuguzi wa zahanati yetu mwaka jana, asubuhi niliyokwenda kupimwa presha. Nilimwuliza kwa nini anapima mara mbili ndipo aandike. Akacheka kidogo, akavuta kiti. Alisema wakati huo alikuwa na miaka kumi na mmoja, na nyumbani walimwita Chapchap.

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare, Chapchap alisimama mbele ya tangi la kioo sebuleni. Lilikuwa la mjomba wake, fundi wa friji, aliyeishi nao. Ndani mlikuwa na kaa mdogo mwekundu, na samaki wa miambani asiyezidi kidole gumba, rangi ya chungwa lililoiva, mwenye mistari mitatu myeupe. Aliogelea akijitikisa, ndiyo maana wakamwita Maringo.

"Huyu ana madaha kuliko mama akienda harusini," Chapchap alisema.

"Nakusikia, we mtoto!" mama akajibu kutoka kwenye cherehani.

Siku moja mjomba alikuwa anasafiri kikazi, siku kumi. Alimwonyesha Chapchap alama kwenye kioo. "Feni hii inapooza maji, lakini pia inayapunguza. Yakishuka chini ya alama, ongeza ya ndoo ya buluu, yale yasiyo na chumvi. Nyekundu ina maji ya bahari, usiiguse. Kisha pima chumvi kwa kipimo hiki: chota maji, ngoja sindano yake itulie, ndipo uandike daftarini. Isimame kwenye thelathini na tano."

Nje, wenzake walikuwa wakiruka kamba. Sikio moja la Chapchap lilikuwa huko.

"Umeelewa, au umesikia tu?"

"Vyote, Mjomba!"

Kesho yake sindano ilichezacheza, haitulii, na wenzake wanamwita mlangoni. Chapchap akaona asipoteze muda. Akashika kalamu, akajaza mistari yote kumi kwa mkupuo: thelathini na tano, thelathini na tano, mpaka mwisho. Ndoo je? Hakukumbuka ni ipi. Samaki wa baharini anataka maji ya bahari, aliwaza, akachota ya nyekundu. Ikawa hivyo kila siku.

Siku ya nne ukingo wa tangi ulikuwa na ukoko mweupe, kama mtu kamwaga unga. Chapchap aliufuta kwa kidole. Kesho yake ulikuwa umerudi.

Siku ya sita kaa hakutoka chini ya jiwe lake.

Siku ya saba Maringo hakujitikisa tena. Alijibanza pembeni, mashavu yakipanda na kushuka mbiombio, kama mtu aliyekimbizwa. Feni ilivuma tu. Daftarini, siku hiyo ilikuwa imeshaandikwa: thelathini na tano.

"Mbona huyu kanywea?" mama aliuliza.

"Amechoka tu, Mama."

Jioni mjomba akapiga simu. "Kipimo kinasemaje?"

"Thelathini na tano."

"Kila siku?"

"Kila siku, Mjomba."

"Ajabu. Kwangu hakijawahi kutulia hivyo. Haya, nimefurahi. Leo nitalala vizuri."

Simu ilipokatika, Chapchap alichota maji kwa kipimo, na kwa mara ya kwanza akangoja. Sindano ikapanda, ikapita thelathini na tano, ikasimama kwenye arobaini na moja. Akainua jiwe: kaa alikuwa amelala chali, miguu imekunjamana.

Sasa akakumbuka maneno ya mjomba, akaiburuta ndoo ya buluu. Amwage yote sasa hivi, mjomba asijue! Alikuwa ameshaiinua, maji yanamwagikia miguuni, Maringo akamgeukia na kutweta. Akahofia kumkosea tena. Akaitua, akamwendea mama.

"Mama, nimedanganya."

Mama aliacha kushona, akapiga namba, akampa simu. Chapchap alisema yote, hata kuhusu ndoo aliyotaka kuimwaga.

"Ungeimwaga ungemmaliza," mjomba akasema. "Feni inaondoa maji, chumvi inabaki. Nawe ukaongeza chumvi juu ya chumvi. Sasa tutaishusha polepole. Kila saa toa kikombe kimoja, tia kimoja cha buluu. Pima. Andika kile unachokiona."

Kesho yake ilikuwa mapumziko ya shule. Chapchap alikaa kando ya tangi siku tatu, kikombe mkononi. Wenzake walimtania dirishani, "Chapchap kawa kobe!" Akaendelea kupima. Daftarini namba zilishuka taratibu: arobaini, thelathini na tisa, thelathini na nane. Mara mbili zilipanda, akaziandika hivyohivyo.

Mjomba aliporudi, jioni ya siku ya kumi, sindano ilikuwa kwenye thelathini na sita. Alidondosha punje ya chakula. Maringo aliitazama. Kisha akajitikisa, mara moja, akaidaka.

Chapchap akaangua kilio.

Mjomba akamkalisha karibu. "Kukosea ndoo kungejulikana siku ya pili, kama ungepima kweli. Hata kaa tungemwokoa. Namba zako ndizo zilizonifumba macho, nikalala usingizi huku wao wanakufa. Ukiandika jambo, kuna mtu atalitegemea. Usiandike ambacho hujakiona."

"Sirudii, Mjomba."

Mama akafunika cherehani, akaenda kulala. Mjomba alisinzia palepale kitini, viatu bado miguuni. Chapchap akapima tena, akangoja sindano itulie, akaandika. Akazima taa ya tangi, akajilaza kwenye mkeka kando yake, na kabla hajahesabu pumzi tano za Maringo, usingizi ukamchukua.