Nyumba Isiyokaliwa ya Bi Nesta

Birika lilikuwa la moto. Jambo dogo, utasema, lakini umeme wa nyumba ile ulikatwa miezi saba nyuma, wiki moja baada ya mazishi ya Bi Nesta, na ufunguo ulikuwa mmoja tu, mfukoni mwa mwanawe Idwal.

Idwal alilishika tena, akaungua vidole. Nyuma yake alisimama Mererid, afisa wa halmashauri, kaja kuhakikisha kama nyumba inakaliwa. Rasi nzima ya Llŷn ilishajua: nyumba isiyo na mtu sasa ni kodi maradufu, kuwakomoa matajiri wanaonunua vijiji vyetu waje kuota jua wiki mbili. Lakini Idwal, dereva wa basi la shule, mpangaji wa chumba na jiko kule mjini Bangor, si tajiri. Nyumba ikiandikwa tupu, itabidi auze alikozaliwa.

"Kaka, mbona nanusa mkate wa zabibu?" Mererid akauliza. "Una mgeni?"

Kabla hajajibu, slipa za sufi zilianza kuburuta ghorofani, shwaa, shwaa, toka kitandani hadi dirishani, toka dirishani hadi kwenye ngazi, na hapo zikatulia, na Idwal akazitambua kama unavyotambua kikohozi cha mzazi wako gizani, maana kwa miaka arobaini zilishuka kumfungulia mlango, isipokuwa ile Jumapili aliyoahidi kuja kisha akachukua zamu ya ziada ya kubeba watalii, hata mama akakutwa Jumanne amekufa, kakaa mezani, vikombe viwili mbele yake.

Mererid akanong'ona, kalamu juu ya fomu. "Nipe jina tu la anayeishi hapa. Nikiandika jina, kodi inabaki ya kawaida."

Jina lilikuwa ulimini. Hofu ikalimeza.

"Hakuna mtu," akasema Idwal.

Juu, mtu akasikika akikaa chini taratibu, kama aliyeletewa habari ya msiba.

Basi nyumba ikauzwa. Wanunuzi walilalamika harufu ya mkate haitoki, wakataka isafishwe kabla ya kulipa. Idwal akamwita mzee Gruffudd, ambaye waumini humcheka kanisani na kumfuata nyumbani kwake wakiona mauzauza. Mzee akagonga kila mlango kwa ufunguo wa chuma.

"Toka, Nesta," akasema kwa upole. "Hapa si kwako tena."

Slipa zikashuka ngazi moja moja. Zikampita Idwal, zikamwachia ubaridi shingoni, zikavuka kizingiti.

"Kaenda wapi, mzee?"

Gruffudd akaufuta ufunguo kwa leso. "Hilo ungeniuliza kabla sijamtoa, mwanangu."

Baada ya miezi miwili, Idwal alirudi kutoka kazini akakuta barua ya halmashauri mlangoni pa chumba chake Bangor. Akaisoma amesimama, koti bado mwilini:

"Punguzo lako la kodi kwa mtu anayeishi peke yake limefutwa. Wiki iliyopita afisa wetu alifunguliwa mlango wa chumba chako na mama mzee, aliyejitaja kuwa mkaaji. Alimkaribisha chai, ila kikombe cha pili alikataa kisiguswe. Alisema ni cha mwanawe, aliyeahidi kuja tangu Jumapili."

Jikoni birika likaanza kulia.

Idwal hakukata rufaa.