Saa Isiyo na Jina

Mke alijibu kabla hajaulizwa.

"Iko kabatini, chini ya mataulo," alisema kutoka chumba cha pili, na mumewe, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anafungua mdomo kuuliza chaja iko wapi, akacheka peke yake. Watu wakiishi pamoja miaka mingi husomana, alijiambia, akarudi kwenye kompyuta.

Kazi yake haikuwa ya kujisifia ukweni. Alikuwa akitunza programu ambayo hupita mtandaoni ikiziuliza saa za mbali, "Sasa ni saa ngapi?", kisha huirekebisha saa ya kompyuta. Majibu hupangwa kwenye skrini: jina la kila saa, na tofauti yake na saa ya hapa. Wateja walilalamika kwamba majina marefu yanasukuma tarakimu, vipimo vinakatika pembeni, mistari mingine haionekani kabisa. Asubuhi ile alipanua nafasi ya majina. Majina yakanyooka, na chini kabisa ukajitokeza mstari ambao hakuwahi kuuona. Haukuwa na jina. Ulikuwa na tarakimu, na ubavuni kinyota, alama ya saa ambayo programu inaiamini kuliko zote.

Mtu mwenye akili zake angejiuliza. Yeye alifurahia usafi wa skrini, akaenda kunywa chai.

Kufikia mchana utani ulimwishia. Mkewe, fundi cherehani anayeshonea nyumbani, alikuwa anaitikia "karibu" kabla ya hodi na kucheka kabla ya mzaha. Nyumba ikaanza kunuka nguo iliyoungua, na pasi ilikuwa baridi. Kisha akaacha kumjibu mumewe kabisa. Mume alimwita mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida, mara ya pili kwa hasira, na mara ya tatu akasimama mlangoni akamwona ameyakatakata mashati yote ya mumewe, ameinama na utepe wa kupimia mkononi, anauzungusha utepe ule kwenye hewa tupu, taratibu, kama anavyomzungushia binti yao, ambaye wakati huo alikuwa shuleni, huku cherehani nyuma yake ikishona yenyewe bila mguu wowote kwenye kanyagio.

"Simama wima, mwanangu," mke alinong'ona. "Usilie. Mashati yake yalikuwa yanakaa bure tu. Baba yako angefurahi kukuona umevaa."

Mume alikimbilia skrini. Siku zote alidhani tofauti zile ni vipande vya sekunde, kwa sababu kipimo chenyewe kilikuwa kinakatika pembeni. Akapanua na hapo. Tarakimu za mstari wa mwisho zilibadilika haraka mno kusomeka, lakini neno lililozifuata lilitulia: siku.

Akampigia simu shangazi wa mkewe, mtaa wa pili, mwanamke anayejulikana kwa kutoa majini. Alifika anahema, akanusa mlangoni.

"Nani alimuuliza jini kitu?"

"Tuliuliza saa tu, shangazi."

"Saa tu!" Alimwangalia kwa hasira. "Na yeye akakujibu kwa moyo mmoja. Kamtanguliza mwenzio huko mbele, kwenye siku ambazo hazijafika. Acha kumuuliza, haraka."

Akamshika mpwa wake kidole gumba, akaanza kumsomea sikioni. Mume akafuta mstari ule. Ukarudi. Akafuta tena, shangazi akipandisha sauti, cherehani ikizidi kasi hadi meza ikatembea, na harufu ya kuungua ikajaa chumba mpaka mume akalia kama mtoto, "Inatosha, tumeshukuru, nenda!"

Cherehani ikasimama.

"Mke wangu, unanisikia?"

"Eeh?" alisema mke. "Umesemaje?"

Alimkumbatia mbele ya shangazi bila haya yoyote.

Binti aliporudi kutoka shule walikuwa wanakunywa maji, hawajakumbuka kuficha vitambaa. Aliliona gauni mezani, la mistari ya bluu kama ya mashati ya baba yake, akalivaa juu ya sare papo hapo.

"Mama, umenishonea!"

"Mimi?" Mama alipiga magoti, akavuta mabega, akavuta pindo. "Huyu kila mwezi anarefuka, namwachiaga nafasi. Hili sijaacha hata kidogo." Akamgeukia mumewe, anatabasamu, naye mume bado anayasikia masikioni yale maneno, "Baba yako angefurahi." "Ona, limemkaa utadhani nimempima leo."