Mwisho wa Kitabu cha Nne

Kwanza ilikuja harufu ya mnanaa. Ilikuwa adhuhuri, duka limepoa, na Shangazi Vitabu alikuwa amefungua boksi la riwaya mpya. Akachukua ya juu, yenye joka na mnara uliobomoka kwenye jalada, akaisogeza puani kama kawaida yake, maana alipenda harufu ya karatasi mpya kuliko manukato. Badala ya karatasi akanusa pipi za kikohozi. Akageuka kuona nani anamumunya pipi dukani kwake. Hakukuwa na mtu. Halafu, nyuma kabisa ya sikio lake la kushoto, kuna aliyelamba kidole, ukurasa ukafunuliwa, na sauti ndogo ikasema, "Joka ndiye baba yake."

Akacheka, akajiambia ni njaa. Jioni akakisoma kitabu chote. Kweli, joka alikuwa baba wa shujaa.

Jina hilo la Shangazi Vitabu alipewa na vijana. Alikuwa na kona yake nyuma ya duka la vifaa vya shule, baada ya mashine ya fotokopi, na huko aliazimisha riwaya za vijana: miji iliyofunikwa kwa vioo, serikali zinazopima ndoto za watoto, falme za barafu, wasichana wanaoongea na moto. Na mdomo alikuwa nao! Ukija kununua penseli, unaondoka na riwaya. Alikuwa anakutazama usoni, anakuuliza, "Mara ya mwisho kulia, ulilia nini?" na mkono wake ukishakwenda rafuni haukosei. Vijana walimsikiliza, naye akazoea kusikilizwa, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Kwa sababu alikuja msichana mmoja waliyemwita Pipi. Mwembamba, mgonjwa wa moyo, shavu moja limevimba pipi ya mnanaa saa zote. Alikuwa akikaa kwenye stuli ya kona, analamba kidole, anafunua ukurasa, analamba kidole, anafunua. Siku moja akainua kichwa, akasema, "Shangazi, huyo usimpe cha majoka. Mpe kile cha kisiwa. Huoni ameachwa na rafiki yake?" Na ikawa kweli. Taratibu vijana wakaanza kuipita meza ya Shangazi na kwenda moja kwa moja kwenye stuli. Mtu mzima kumwonea kijicho mtoto wa watu, jamani! Lakini alimwonea.

Wakati huo wote walikuwa wakisubiri kitabu cha nne cha *Kodi ya Kivuli*, hadithi ya mji ambao kila mtoto akikua serikali inamkata kivuli chake kikafanye kazi migodini. Shujaa wake ni msichana anayetoroka akiwa amembeba mdogo wake mgongoni. Vitabu vitatu anambeba, na wasomaji wanambeba pamoja naye. Pipi alikuwa akisema hawezi kulazwa kabla hajajua kama wale ndugu watafika salama.

Kitabu kikafika siku moja kabla ya Pipi kwenda kupasuliwa moyo. Akaja mbio mbio, pumzi zimemwishia. "Shangazi, nipe nikakimalizie wodini." Kitabu kilikuwa chini ya meza, Shangazi amekwishakisoma. Angempa tu, yakaisha. Ila kijana mmoja pale akaropoka, "Sisi tunamngoja Pipi akisome kwanza, atuambie kama kinafaa." Basi, damu ikamchemka Shangazi.

"Kukisoma cha nini?" akasema, kwa sauti ya watu wote kusikia. "Huyo mdogo wake anayembeba si mtu, ni kivuli. Mtoto mwenyewe alikufa kwenye kitabu cha kwanza. Haya, umemaliza."

Vijana wakapiga kelele, wengine wakacheka. Pipi aliacha kumumunya. "Kwa nini umeniambia?" akauliza, taratibu tu, kisha akaondoka mikono mitupu. Hakutoka hai chumba cha upasuaji. Msibani Shangazi alilia kuliko waliofiwa, watu wakamsifu kwa upendo wake.

Sasa mnanaa ulikuwa umerudi dukani. Kila kitabu alichokigusa, kabla hajafungua jalada, kidole kililambwa nyuma ya sikio na mwisho ukasemwa. *Malkia ndiye msaliti. Wote walikuwa wamelala. Anarudi, na mama yake hamjui.* Akaacha kusoma. Atapendekeza nini mtu asiyesoma? Vijana wakapungua. Akajikaza kisabuni, akasema utapita.

Haukupita. Mchana mmoja fundi wa fotokopi, mtu wa utani mwingi, alikuwa akimwonyesha picha za nyumba ya wakwe zake, na ile sauti ikasema, "Huyu, ngazi." Shangazi akataka kumwonya, lakini atamwambia nini, usipande ngazi? Kesho yake fundi hakuja. Alikuwa amepanda kubadilisha balbu kwa mama mkwe wake, akaanguka na kuvunjika shingo. Tangu siku hiyo Shangazi alipita barabarani ameziba masikio kwa viganja, na watu walimhurumia.

Nyumbani alikuwa na binti mmoja tu, wa darasa la saba, ambaye ndiye roho yake. Huyo sauti haikumsema kamwe. Mama alikuwa anamwangalia akila, anasubiri mnanaa, mnanaa hauji, naye anashukuru Mungu. Hakujiuliza kwa nini.

Jumapili alasiri alikuwa akikunja nguo aliposikia, kutoka chumba cha binti, kidole kikilambwa. Ukurasa ukafunuliwa. Akasimama mlangoni. Binti alikuwa amekaa kitandani, shavu moja limevimba, na mapajani ameshika kitabu cha nne cha *Kodi ya Kivuli*, kile kile ambacho Shangazi alikifungia sandukuni siku ya msiba.

"Umekitoa wapi?"

"Nimekikuta chini ya mto wangu wa kulalia, mama. Kizuri mno. Usiniambie mwisho."

"Na hiyo pipi?"

"Pipi gani?" Akafungua kinywa. Hakikuwa na kitu, ila mnanaa ulitoka humo wa baridi kabisa, ukamgonga mama usoni.

Akamnyang'anya kitabu, akakitupa jalalani, akarudi ndani na kukikuta mikononi mwa binti, ukurasa ule ule. Akakifungia kabatini, kikarudi. Na wiki ile yote mtoto hakula wala hakucheza, alisoma tu, polepole, kama mtu asiyetaka kimalizike, na kila kurasa zilivyopungua upande wa kulia ndivyo naye alivyozidi kukonda, midomo ikaanza kuwa ya bluu, pumzi zikamwishia kwa kutoka kitandani hadi mlangoni tu, na mama yake, ambaye aliijua midomo ile na pumzi zile kwa mtu mwingine, akavaa viatu vya miguu tofauti na kukimbia kumtafuta Nesi.

Nesi alikuwa nesi kweli kabla ya kugeukia kazi ya kutoa mashetani, na bado alikuwa na ukali wa wodini. Akafukiza ubani chumbani, akamshika binti mkono kama anayepima mapigo. "Wewe ni nani, na unataka nini kwa mtoto huyu?"

Binti hakuinua macho kitabuni. Sauti ikamtoka, ndogo, siyo yake. "Nataka kusoma. Nilivumilia sana kukisubiri, mama yake akaniambia mwisho. Nimejaribu kusahau, siwezi, hata huku nimeshindwa. Huyu hajui mwisho. Nikikaa kichwani mwake, na mimi sijui."

"Ukimaliza utatoka?"

"Nitatoka."

"Peke yako?"

Kidole kikalambwa. Ukurasa ukafunuliwa. "Nimemzoea," ikasema.

Nesi akamvuta mama ukumbini. "Umesikia mwenyewe," akanong'ona. "Ubani wangu hauwezi kitu hapo, mama. Amekaa mle kwa sababu mtoto hajui mwisho. Akiujua, hana pa kukaa."

"Kwa hiyo nimwambie?"

"Mimi sikutumi. Jambo hilo hilo ndilo lililomleta. Ukimfanyia mara ya pili, sijui atakufanya nini."

Shangazi akarudi chumbani. Kurasa zilizobaki zilikuwa nyembamba kama ukucha, na mtoto alikuwa akivuta pumzi kwa kelele, kifua chote kikipanda. Ni mama gani angengoja? Akapiga magoti mbele ya kitanda, akayashika mashavu yale ya baridi.

"Mdogo wake ni kivuli," akasema huku analia. "Mtoto mwenyewe alikufa kwenye kitabu cha kwanza. Ndio mwisho, mwanangu. Ndio mwisho."

Ukelele uliotoka ulikuwa wa watu wawili, mmoja ndani ya mwingine, ukapasua glasi ya maji mezani na kuwaamsha mbwa wa mtaa mzima, kisha mmoja ukakatika na ukabaki mmoja, wa mtoto anayelia kama watoto wanavyolia. Kitabu kikaanguka. Midomo ikarudi rangi yake hapo hapo, wanaiona. Nesi akakifunga kitabu kwenye kanga yake na kwenda nacho.

"Mama," binti akasema akijifuta kamasi, ana hasira kwelikweli. "Nilikuwa nimebakiza kidogo tu. Kwa nini umeniambia?"

Mama alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika anabanwa, kisha akaenda jikoni kumpikia uji, na kwa furaha akamwaga nusu ya unga sakafuni. Alikuwa akiukoroga uji aliposikia, nyuma ya sikio la kushoto, kidole kikilambwa.

"Shangazi," sauti ikasema, kwa upole, kama ilivyokuwa ikisema kwenye stuli. "Kuna hadithi nataka nikupendekezee. Ya binti yako."

Mwiko ukamtoka. Akaziba masikio yote mawili, akainama hadi paji la uso likagusa sakafu. "Usiniambie. Nisamehe, mwanangu, nakuomba kwa jina la Mungu, nifanyie chochote, niue mimi, lakini hilo usiniambie."

"Kukisoma cha nini?" ikasema.

Ikamwambia. Viganja havikusaidia kitu. Ilimwambia mahali, na saa, na nani atakuwa amemshika mtoto mkono, na gauni la kijani lenye vifungo vyeupe atakalokuwa amelivaa, bila haraka, haikuruka hata neno, huku uji ukifurika na kuzima moto, na ilipofika mwisho ikasema, "Haya, umemaliza." Mnanaa ukatoka jikoni na haujarudi tena hadi leo.

Binti amenenepa sasa, anacheka, anasoma. Ndiye anayekaa kwenye stuli ya kona kuwachagulia wenzake vitabu, na wanasema kamshinda mama yake. Mama yupo tu mezani, ananyoosha risiti. Nyumbani alikwishaondoa kila nguo ya kijani, hata mataulo, hata pazia la bafuni, na mtoto akiuliza anaambiwa rangi hiyo ina mkosi.

Juzi alasiri binti alirudi na mfuko wa karatasi, akakimbilia chumbani, akatoka anajizungusha katikati ya ukumbi huku ananyoosha vifungo vyeupe kifuani.

"Wenzangu wa dukani wamenichangia, kwa kuwachagulia vitabu," akasema. "Najua hupendi rangi hii, mama, lakini tazama kwanza. Si limenipendeza?"